Hadithi Aliyosoma Soraya

Aliyenipa habari hii ni mujukuu wangu Emilienne, Alhamisi iliyopita, tukimenya karanga za mbegu. Alikuwapo yeye mwenyewe tangu mwanzo mupaka mwisho. Alisema, akamenya, akasema tena. Sikumuharakisha, karanga zilikuwa nyingi.

Kule universite ya hapa Kasongo kuna watoto kumi na wawili wanaofundishwa kuandika hadithi. Mwalimu wao anaitwa Hippolyte. Walipomaliza mwaka, alizipiga hadithi zao kwenye mashine, akazishona kitabu kimoja, akamupa kila mutoto nakala, akaita wazazi waje kusikiliza kila mutoto akisoma yake. Emilienne alisoma ya mbuzi aliyekula barua ya posa, na watu walicheka. Kisha akasimama rafiki yake Soraya.

Soraya ni mutoto wa Waislamu wa mujini. Wazazi wake walikufa zamani. Aliyemulea ni Waridi, muke wa kaka yake Fadhili. Anamuita yaya, kama dada mukubwa. Huyo Fadhili alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu, na sasa ni mwaka wa pili sauti yake haijasikika. Waridi hakukubali mutu aseme amekufa. Mume akisafiri, muke anangoja, ndivyo alivyosema, na vitumbua vyake ndivyo vilimusomesha Soraya. Siku ile alikaa mustari wa mbele na kitambaa kipya kichwani. Kusoma hajui, basi alikuja kusikia.

Soraya akasoma. Kijana aliingia shimoni asubuhi, udongo ukamushukia. Wenzake wakamutoa, wakamuosha kwa maji ya muto, wakamuvika sanda nyeupe, wakamuzika palepale, na mukubwa wa shimo akawakataza kusema, shimo lisije likafungwa. Jina la kijana lilikuwa lingine. Lakini shati lake lilikuwa na mufuko upande wa kuume, na Waridi ndiye aliyeuhamisha mufuko wa shati la Fadhili, kwa sababu Fadhili ni wa mukono wa kushoto.

Watu walipiga makofi. Waridi hakupiga.

Muzee Assumani, baba mukubwa wa Soraya, akainuka akauliza mutoto amejuaje mambo ya Salamabila. Mwalimu Hippolyte akajibu kwa heshima kwamba hii ni hadithi ya kutunga, kila kitu ndani yake kimetungwa.

Muzee akasema: "Mwalimu, mutu anatunga jina. Kaburi, hapana."

Akaamua mbele ya wote. Kesho baada ya sala ya adhuhuri, nyumbani kwake, mbele ya shehe, Soraya ataweka mukono juu ya Musahafu na kuapa kwamba ametunga yote. Akiapa, Waridi ataendelea kungoja na hakuna atakayemusumbua. Akishindwa, Fadhili ni mufu, asomewe kama wafu wengine, na Waridi ni mujane.

Kesho yake Emilienne alimusindikiza. Njiani Soraya akamuambia ukweli. Wakati wa likizo alipanda pikipiki mupaka Salamabila kuuliza namna mashimo yanavyochimbwa, ili hadithi yake iwe nzuri. Muchimbaji mumoja, Moustapha, alisikia jina la ukoo wake, akamuvuta pembeni akamusimulia. Yeye ndiye alimuosha Fadhili. Soraya aliporudi nyumbani alimukuta Waridi anafunika sahani ya ugali na mboga ya sombe aliyomuwekea Fadhili, kama kila siku. Akashindwa kusema. Miezi saba akashindwa.

"Nilifikiri nikiitia habari hii katika hadithi itatoka ndani yangu," alisema, "na haitamufikia mutu."

Emilienne akamushauri aape tu, halafu aombe Mungu musamaha. Soraya akauliza: na yaya afunike sahani mupaka lini? Lakini hata yeye hakuwa amekata shauri. Alitembea kama mutu anayehesabu mawe.

Walikuta Musahafu umewekwa juu ya muto wa kitambaa. Shehe amekaa, Muzee Assumani amekaa. Waridi alikuwa karibu na mulango, na kabla ya salamu kwisha alianza yeye.

"Huyu mutoto ni mwongo tangu mudogo. Alikuwa akilamba sukari, anasema ni kuku. Aape, shehe, twende zetu. Unga wangu unaumuka kule."

Alicheka peke yake.

Shehe akamuambia Soraya atawadhe. Akatawadha. Akaweka mukono. Waridi alikuwa anamutazama mudomo, na mudomo wake mwenyewe ulikuwa unacheza, kama mama anayemulisha mutoto. Soraya akafungua kinywa. Akautoa mukono.

"Siwezi, yaya. Aliyemuosha aliniambia."

Shehe akataka namba ya huyo Moustapha. Telefone ikalia mara tatu, mara nne, sauti ikatoka wote wasikie. Moustapha alisema yote: ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, udongo, muto, sala waliyosali watu sita. Akaomba radhi kwa kunyamaza. Waridi aliuliza neno moja tu, kama walipata sanda.

"Hatukupata, mama," ile sauti ikajibu. "Tulikata neti ya mbu. Mupya."

Muzee Assumani akalia, mutu muzima. Kisha akasema basi Waridi aanze eda leo. Shehe akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. Eda inahesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Miezi minne na siku kumi zilikwisha zamani.

"Umekwisha kuimaliza, mama. Uko huru."

"Nimeimaliza?" Waridi akauliza. "Wakati niko sokoni, nauza vitumbua, nacheka na watu?"

"Ndiyo sheria."

"Basi sheria imepata yake. Mimi bado. Nitakaa siku zangu."



Nyumbani Waridi alimwaga ule unga, akatandika mukeka ndani, akakaa. Soraya alibaki mulangoni na Emilienne nyuma yake.

"Miezi saba," Waridi akasema. "Ulikuwa unaniona nafunika sahani."

"Nilikuwa nakuona."

"Nenda ulale kwa Muzee."

Soraya hakwenda. Alisimama palepale mupaka adhana ya magharibi. Ndipo Waridi akamugeukia.

"Lete hicho kitabu. Soma pale pa kuosha. Pole pole."

Akasoma. Alipofika penye sanda nyeupe Waridi akainua mukono.

"Hapo umedanganya. Andika neti."

Soraya akafuta, akaandika neti. Akasoma tena, na tena. Emilienne akasinzia kidogo akiwa bado amekaa, akaamka. Baadaye Waridi akajilaza, uso kwenye ukuta, na Soraya akaendelea kusoma kwa sauti ya chini mupaka aliposikia pumzi yake imekuwa ndefu. Akafunga kitabu, akajinyosha ukingoni mwa mukeka, asimuguse. Naye akalala.