Diski ya Ami Hilal

Ami Hilal aliponiambia ameshapata mnunuzi wa kompyuta, nilikasirika sana. Duka letu la uchapaji pale Temeke lilikuwa na kompyuta hiyo moja, na aliyeijua ni mimi peke yangu. Ikiuzwa, narudi nyumbani kukaa. Ami alisema inamchosha: kufungua kadi moja ya harusi, chai inachemka na kunyweka. Taipureta yake, ya tangu ujana wake, haikuwahi kumsubirisha mtu.

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikakisoma kijitabu kilichokuja na mashine, na aibu ikanishika. Kosa lilikuwa letu. Kamati za harusi hubadilisha majina kila kukicha. Leo fulani ni mwenyekiti, kesho amesusa, wamemtoa. Sisi kila badiliko tulilihifadhi upya na la zamani tukaliacha, wasije wakapatana tena. Harusi moja, nakala kumi na nne! Diski ilijaa, na kila faili jipya likakatwa vipande, vikatupwa popote palipobaki nafasi. Mashine haikuwa mvivu. Ilikuwa inahangaika kuokoteza.

Ijumaa, siku ya mnunuzi, nilifungua duka saa moja asubuhi. Nikafuta nakala zote kuukuu, nikawasha programu ya kupanga diski. Kijitabu kilionya kwamba umeme ukikatika katikati, mafaili yanaweza kupotea. Na mgao wa umeme wa mtaa wetu ulianza saa sita juu ya alama.

Vijimraba, alama za vile vipande vya faili, vikaanza kuhama kwenye kioo, kimoja kimoja, vikijipanga. Nilivikodolea macho, hata maji sikwenda kunywa. Saa tano na nusu, asilimia themanini. Ami akaingia na mnunuzi, Leodegar, fundi wa Kibamba. Nikawasihi wasiguse kitu. Zilipobaki dakika sita kufika saa sita, ikamaliza.

"Ami, hesabu," nilisema, nikafungua kadi.

Alifika tatu, kadi ikawa wazi. Nikafungua nyingine, na nyingine, huku nacheka peke yangu kwa furaha. Kisha feni ikasimama, umeme umekwenda.

Ami aliiendea meza yake. Akainua taipureta yake, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanzu ya Ijumaa, akaiweka mbele ya Leodegar.

"Kompyuta haiuzwi," alisema. "Chukua hii. Hii haina mgao."