Kimeng'enya cha Tusekile

Jumanne moja ya mwaka 1994, bomba la kioo la kuchujia lililoletwa na mradi wa kuchunguza vidonda vya tumbo lilipasuka katika maabara ya zahanati, kule Ikolo. Felista, mhudumu wa maabara, alizoa vipande, kisha akaenda nyumbani kuchukua chungu cha mama yake cha kuchujia magadi, chenye tundu chini. Alikisugua mpaka majivu ya maganda ya ndizi yakaisha, akakijaza mchanga wa ziwani na makaa ya pumba za mpunga, akamimina juu yake vijidudu vilivyosagwa.

Vijidudu hivyo vilivutwa kwa mpira uliopitishwa kinywani, kutoka tumboni mwa huyo huyo mama yake, Tusekile, aliyeteswa na vidonda vya tumbo miaka saba. Mradi ulitaka kimeng'enya chao, kile kinachoviwezesha kuishi ndani ya asidi. Felista alichuja mara tatu. Mara mbili za kwanza yalitoka maji machafu. Mara ya tatu kilitoka kimeng'enya kitupu, na maumivu ya Tusekile yakatoka nacho, vikaingia chupa moja. Felista alibana kizibo, akaandika tarehe, akaiweka chupa kwenye friji la mafuta ya taa.

Mchana huo Tusekile alikula wali kwa samaki wa mbasa, pilipili na limau, akaomba aongezewe. Majirani waliuliza tu kama chakula kimebaki.

"Ndaga fijo, mwanangu," alishukuru. "Kumbe bado nina ulimi."

Ijumaa alikuja Daktari Said wa mradi na kasha la barafu. Alidondosha tone moja kwenye maji ya kupimia; maji yakageuka rangi ya waridi, chumba kikanuka choo. Aliridhika.

"Daktari, chupa ikiondoka maumivu yatamrudia mama," Felista alimwambia.

"Najua, dada. Hata kwa wagonjwa wa kijiji cha Ngana ilikuwa hivyo hivyo."

"Basi mwachieni dawa."

"Dawa siku hizi ziko madukani. Sisi kazi yetu ni kuchunguza."

Alilisema hilo kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni akiondoka na uponyaji huo inakuwaje. Gari la daktari, na chupa ndani yake, lilipoanza kupanda mlima wa Tukuyu, Tusekile alisukuma sahani, akajikunyata ukutani. Felista alilia kwa hasira, wala hakujificha.

Baada ya miezi mitatu ikaja barua ya mradi: kimeng'enya kimefika salama, ni safi kuliko vyote, tunaomba kingine. Felista alitaka kuichana. Mama yake akamshika mkono.

"Waandikie waje Jumatatu ijayo," alisema. "Wasije kabla. Jumapili kaka yako Eliud anaoa, na mimi nataka kula kama watu."

Akaketi kwenye benchi la maabara, akafungua kinywa, akasubiri ule mpira uingizwe.