Hati ya Hanna

Kwetu Akheri, ukinunua kitu kwenye mnada wa kanisani unaweza kukirudisha mezani kiuzwe tena. Mkungu mmoja wa ndizi unauzwa hata mara tatu, watu wanacheka, na mfuko wa usharika unanenepa. Nimeolewa hapa siku nyingi na mchezo huo naupenda, ila Jumapili moja ulinitoa jasho.

Miaka hiyo kahawa ilikuwa inanunuliwa na kila mwenye lori kwa bei aliyoamka nayo, na serikali ilishatuambia wazazi tuchangie elimu. Mjini shule za binafsi zilikuwa zinachipuka kila mtaa. Sekondari yetu tuliijenga wenyewe kwa kubeba mawe, na mume wangu Nathanaeli ndiye aliyekuwa mkuu wa shule. Haikuwa na mwalimu wa hesabu. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka mabaya mpaka nikaona haya kwenda sokoni Tengeru.

Ndipo Hans, mwenye duka la vipuri mjini, akaleta wazo kwenye mkutano wa usharika. Fedha za mfuko wa elimu zisipelekwe tena moja kwa moja shuleni kwetu. Kila mzazi apewe hati ya ada, aipeleke shule anayoitaka, na usharika utailipa. Shule mbovu ikiona wanafunzi wanaondoka itajirekebisha yenyewe.

Nathanaeli alipinga. Alisema hati haifiki hata nusu ya ada ya mjini, kwa hiyo atakayehama ni mwenye cha kuongezea, na atakayebaki ataachiwa shule iliyonyang'anywa hata hicho kidogo. Alisema vizuri, akashindwa vibaya kwenye kura. Mimi mkewe nilinyoosha mkono upande wa Hans, tena juu kabisa. Binti yetu Hanna alikuwa anaingia kidato cha kwanza, ana kichwa chepesi, na ng'ombe wa kuongezea ada nilikuwa nimeshamuuza. Wiki nzima tulikula bila kuzungumza.

Siku ya kugawa hati, Mzee Philemoni anayeendesha mnada aliwaita wazazi mmoja mmoja mbele baada ya ibada. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Joyce, mjane. Aliipokea yake, akaitazama, akairudisha mezani. Alisema fedha yake ibaki kwenye shule yetu. Watu wakapiga makofi, kama kwenye mnada. Aliyefuata akarudisha, na mwingine, na makofi yakazidi. Mimi niliacha kupiga. Nyumba zao nazijua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha kuongezea. Tulikuwa tunawashangilia kwa umaskini wao.

Nathanaeli aliitwa mwisho. Philemoni alimpa hati kwa mkono wa kulia, na wa kushoto alishautanguliza kuipokea. "Mwalimu naye anarudisha," alitangaza, na watu wakaanza kusimama. Nilitazama viatu vyangu. Nilijua atarudisha, maana alishazipinga hati hizo mbele ya watu wote.

"Hii siirudishi, mzee," alisema. "Hanna anakwenda mjini."

Makofi yalikatika. Aliikunja hati, akaitia mfukoni, akaja kukaa kando yangu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilishindwa kumtazama usoni kwa aibu. Sijawahi kumpenda kama saa ile, hata siku ya harusi yetu.

Nje watu walitupisha njia bila salamu. Joyce peke yake ndiye aliyetufuata, akampa Nathanaeli mkono. Mwanawe Frederick alikuwa rika moja na Hanna.

"Mwalimu, wako umempeleka kwa walimu wenzako," alisema kwa upole. "Wangu nakuletea kesho."

Nathanaeli alivua kofia.

"Mlete," alijibu.