Nyumba Iliyomfuata Hashil Uzunguni

Asubuhi hiyo Hashil alikuwa amechuchumaa barazani kwake, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akichemsha mnyororo wa pikipiki ndani ya sufuria ya pilau. Mnyororo ulikuwa mpya. Mwenye duka kule Uhindini alimwambia auloweke kwanza katika mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, yapenye hadi ndani ya pini. Hakumwambia autie katika sufuria ya mkewe.

"Hiyo sufuria umeshaioa," Zeina alimwambia kutoka mlangoni. "Usiniletee tena jikoni."

"Mafuta ni mafuta, mke wangu."

"Na mke ni mke. Wala usiniombe pilau."

Hashil alikuwa muuza halua. Aliipika uani, akaifunga katika vikapu vidogo vya ukindu, akaisambaza mjini kwa pikipiki kuukuu aliyoachiwa na Mgiriki mmoja aliyerudi kwao. Miaka hiyo ya utawala wa Mwingereza pikipiki zilikuwa chache Kariakoo, na mafundi wake wachache zaidi. Mwenye nayo aliitengeneza mwenyewe nyumbani, akiomba Mungu.

Mnyororo wa zamani ulikuwa umelegea, ukiruka meno kila penye mchanga. Hashil aliufungua, akaifunga ncha yake na ncha ya ule mpya kwa uzi wa waya, kisha akazungusha gurudumu polepole. Wa zamani ukatoka ukiuvuta mpya ndani, kama mgeni anayemwonyesha mwenzake njia ya msalani. Ikabaki kuziunga ncha mbili za mnyororo mpya. Kiungo kilikuwapo. Kibanio chake, kile kijichuma kidogo kinachozuia pini zisichomoke, alikuwa amekiweka juu ya baraza. Mtetea mwekundu akaja, akakitazama kwa jicho moja, akakimeza.

"Kuku amemeza kibanio," Hashil alisema.

"Kuku gani?" iliuliza sauti ya Bi Hind kutoka chumbani.

"Wako, mama."

"Basi mwache. Huyo anataga."

Bi Hind alikuwa mama yake Zeina. Pumu ilikuwa imemkalia kifuani, na kwa miaka alilala ameketi, mito imemzunguka kama wageni wa matanga. Daktari alisema dawa yake ni upepo wa bahari. Upepo huo ulipoingia mjini ulianzia Uzunguni, ukapita Uhindini, na uliofika Kariakoo ulikuwa umechoka na unanuka vyakula vya watu wengine. Miguu ya Bi Hind haikumfikisha hata kona ya mtaa. Kupakiwa kwenye pikipiki alikataa katakata. "Mimi si kikapu cha halua," alisema.

Hashil alitazama huku na huku akitafuta chuma. Mlango wa nyumba ulifungwa kwa mnyororo wa kizamani, na pete ya mwisho ilikuwa nyembamba kwa kuchakaa. Akaitoa, akaipiga nyundo, akaitia tupa mpaka ikawa kibanio. Akakivalisha juu ya pini, upande uliozibwa ukiangalia mbele, kwa kuwa ukiangalia nyuma hufyatuka njiani. Akaubonyeza mnyororo kwa kidole gumba. Ulicheza kidogo, si sana. Akafurahi, akapakia halua, akaondoka.

Pikipiki ilikuwa nzito. Hashil alidhani ni petroli mbaya.

Ndani, Zeina alikuwa akikuna nazi alipoona mwanga wa dirishani unahama ukutani. Akachungulia. Uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa unapita.

"Mama, tunakwenda," alisema.

"Wapi?"

"Hashil hajasema."

Nyumba ilimfuata Hashil bila haraka, makuti yake yakitikisika. Ilipofika Uhindini, ambako njia ni nyembamba, ilijibana mbavu, na mwanamke mmoja aliyekuwa ghorofani aliondoa nguo zake kwenye kamba ili ipite. Zeina alimshukuru. Nyuma, Kariakoo, kiwanja kilibaki na choo peke yake, na ndani ya choo mpangaji wao, Fikirini, ambaye hakuwa ameambiwa kuwa kuna safari.

Hashil aliposimama Uzunguni mbele ya lango la mpishi aliyeagiza halua, nyumba nayo ikasimama, ikaziba njia. Akageuka, akaiona.

"Mnatafuta nini huku?" alimuuliza mkewe.

"Tuulize sisi? Umetuvuta wewe!"

Upepo uliingia kwa mlango wa mbele, ukatokea uani. Bi Hind aliuvuta mara moja, akauvuta tena. Akaisukuma mito yake mmoja baada ya mwingine, akajinyoosha chali, akalala usingizi. Zeina alisimama kizingitini akimwangalia kifua kinavyopanda na kushuka bila mluzi. Nazi akaisahau.

Haukupita muda akafika bwana wa viwanja, Mzungu mrefu mwenye kofia ngumu, pamoja na askari Sadalla, ambaye kwao ni Mtaa wa Kongo, kulekule Kariakoo.

"Nyumba hii ya nani?" bwana aliuliza.

"Yangu, bwana," alijibu Hashil.

"Ya mawe?"

"Ya miti na udongo, bwana."

"Na paa?"

"Makuti. Kule jikoni madebe."

Bwana alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mtaa huu nyumba ya makuti hairuhusiwi."

"Inapita tu, bwana."

"Naiona imesimama."

"Imesimama kwa sababu mimi nimesimama."

Bwana alilipima jambo hilo, akaona lina ukweli. "Basi nenda," alisema.

Zeina alishuka barazani. "Bwana, mama yangu amelala. Hajalala hivi tangu sijaolewa. Tuache mpaka aamke."

"Ana ruhusa ya kulala hapa?"

"Analala kwake, bwana. Kitandani kwake."

"Kitanda ni chake," bwana alikubali. "Upande huu wa mji si wake."

Sadalla alitazama viatu vyake. Hashil akapiga teke pikipiki, ikawaka, na nyumba ikageuka kwa taabu, ikiangusha uzio wa maua wa mtu. Kabla hawajafika Mnazi Mmoja, Bi Hind alikuwa ameamka na anaomba mito.

Kiwanjani walimkuta Fikirini amejifunga kanga ya jirani. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kuuza vitumbua pale palipokuwa ukumbi, na wanaume wawili wanagombana nani aliwahi. Zeina aliwaomba wasogee, nyumba ikakaa. Wakasogea wakinung'unika.

"Siku nyingine mnigongee mlango," Fikirini alisema.

Hashil alinunua kibanio cha dukani, wakawa na viwili. Siku za kazi alitumia cha dukani. Ijumaa baada ya sala, Zeina alichuchumaa barazani, akachomoa kibanio kwa koleo, akavalisha kile cha mlango, upande uliozibwa ukiangalia mbele. Siku hizo alikuwa mwepesi kuliko mumewe, na alimgongea Fikirini.

Nyumba ilifuata, lakini waliruhusiwa kufika mwisho wa Mnazi Mmoja tu. Bwana wa viwanja alikuwa ameagiza mawe yapakwe chokaa na kupangwa mstari, na nyumba zote za makuti zisimame hapo. Sadalla aliyalinda. Upepo uliofika ulikuwa nusu, lakini Bi Hind aliutumia wote, mlango wazi, akiwa na mito miwili tu.

"Baba," Bi Hind alimwita Sadalla Ijumaa moja, "ile nyumba kubwa ya ghorofa, kule upepo unakotoka, ya nani?"

"Ya mkubwa mmoja, mama. Yuko likizo Ulaya."

"Na madirisha yote yale?"

"Yamefungwa. Upepo usije ukapeperusha makaratasi yake."

Bi Hind aliitika kwa kichwa. Akamwomba Hashil aisogeze nyumba mbele kidogo, kadiri ya baraza tu. Sadalla alitazama mawe, akasema hilo haliwezekani, kisha akauliza kama kahawa ipo.