Mlio Chini ya Lori

Injini ya lori ilikuwa inagonga, na mume wa dereva alikuwa ameshakata shauri: injini ikifa, mke anashuka kwenye usukani na hapandi tena. Ataajiriwa dereva mwanamume, naye mke atakaa nyumbani kama wake za watu. Maneno hayo aliyasema uani, mbele ya mama yake, ili yapate shahidi.

Mke huyo alikuwa dereva tangu kabla hajaolewa. Lori lile kuukuu, lililopita mikononi mwa watu wengi kabla yao, ndilo lililokuwa kazi yake, na ukweli usemwe, ndilo lililokuwa raha yake. Mumewe aliuza vitasa na misumari, na mtaani walimwita Najua, maana hakuna jambo ambalo hakulijua. Raba za kushikilia injini zilipochakaa, fundi hodari alikuwepo, tena wa ukoo: kaka yake mke. Lakini Najua alikuwa tayari kunywa oili kuliko kumwomba shemeji yake msaada. Akaingia chini ya lori mwenyewe, akavitukana vyuma asubuhi nzima, akatoka na grisi mpaka masikioni, akatangaza kazi imekwisha. Tangu siku hiyo injini ikawa inagonga.

“Ni wewe, Dereva,” alisema sasa, amekaa kizingitini. Jina hilo alilitamka kama tusi. “Unaendesha kama umeiba. Umepiga jiwe huko, umeniharibia gari.”

“Lilianza kugonga hapahapa, kabla halijatoka getini.”

“Mwanamke na injini, wapi na wapi?” mama mkwe akadakia huku akikunja nguo.

Mke akajitia hamnazo. Kaka yake alimfundisha kwamba mlio haubishiwi. Unapunguziwa mahali pa kujificha. Akavua mkanda wa feni, akawasha injini kidogo. Mlio ukabaki palepale; basi si alternata wala pampu ya maji, zinazozungushwa na mkanda huo. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha juu ya injini na mpini sikioni. Huko juu valvu zilikwenda taratibu kama cherehani. Akalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akagusisha bisibisi kwenye sampu, lile beseni la chuma inamokaa oili chini ya injini. Nusura mlio umpasue sikio.

Akazima, akarudi chini, akafuta tope na oili kwa kitambaa. Sampu ilikuwa imebonyea kwa ndani, na vyuma vinavyozunguka humo vilikuwa vikiigonga.

“Umeona nini?” mume akauliza.

“Sampu imebonyea.”

“Si nilisema? Jiwe!” Najua aliruka kwa furaha, naam, furaha, kana kwamba injini ile haikuwa yake. “Mama, umesikia mwenyewe. Haya, lete funguo.”

Njia ya machimboni anakochukua mizigo ina mawe kweli, na kwa kitambo kidogo mke aliamini kuwa unga wake umemwagika. Akarudi chini kwa hasira, walau aione vizuri hukumu yake. Akatazama, akapapasa kwa vidole. Jiwe hukwaruza, na hapa hapakuwa na mkwaruzo wowote. Kibonyeo kilikuwa cha duara, safi, chenye alama za meno pembeni.

Akainuka, akaenda stoo, akarudi anaburuta jeki. Akaisukuma chini ya sampu, akaipandisha polepole. Kichwa chake cha duara chenye meno kikaingia kwenye kibonyeo kikakaa sawasawa.

“Mama, njoo uone.”

Mama mkwe aliinama akishika kiuno, akachungulia kwa muda mrefu. Hakuhitaji kuelezwa sana. Ili kubadilisha zile raba lazima injini inyanyuliwe, na kati ya jeki na sampu huwekwa ubao mnene. Hata waosha magari wanalijua hilo. Ubao haukuwekwa.

“Mwanangu,” aliuliza, “hukujua?”

Najua alikuwa amepewa mlango wa kutokea, na kiburi kikamzuia kuupita.

“Nilijua. Nilisikia chuma kikilia nikiwa chini palepale.”

“Na jiwe?”

“Huyu hashuki kwenye gari kwa maneno,” alisema, akimnyooshea mkewe kidole. “Kila nikimwambia akae nyumbani ananicheka. Nikaona injini ikifa atashuka tu.”

Mke akashika bampa. Hasira yote aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa mchezo. Hii sasa ndiyo ilikuwa hasira.

“Jana nimeteremka mlima wa machimboni na mzigo umejaa,” alisema. “Injini ingezima pale, breki zingekosa nguvu, ningekufa. Ulijua, na bado ukanifungulia geti.”

Mke akaishusha jeki.

“Nenda kamwite kaka yangu. Mwambie mwenyewe uliweka jeki wapi, na kwa nini ulinyamaza.”

“Kwa yule? Siendi ng’o!”

Mama mkwe alikuwa ameshavaa ndala. Nguo alizokunja alikuwa ameziacha chini.

“Nitakwenda mimi,” alisema, “na nitamwambia yote.”

“Mama!” Najua aliita, safari hii kwa sauti ya kuomba. Mama yake alifungua geti, akatoka bila kugeuka.