Barua ya Upepo

Barua pepe ilikuwa bado pale pale, kwenye sanduku la zinazosubiri kutoka, tangu asubuhi. Nimdiki aliiona mchana, alipoketi mbele ya kompyuta ya ofisi kuandika jambo jingine kabisa.

Barua yenyewe fupi: upepo mkali unakuja usiku, mtu yeyote asipande mlima. Mtabiri wa hali ya hewa wa Ulaya aliileta alfajiri, Nimdiki akaielekeza kambini, akabonyeza kutuma, akaenda zake kunywa chai. Nani hukaa kuitazama barua ikiondoka? Na kampuni yao ya kupandisha wageni mlimani ilikuwa na utaratibu wake, wa kipumbavu kuliko yote. Ili kutunza betri, kambi iliwasha mtambo wa setilaiti saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, basi. Wakikuta barua, wanaitii. Wasipokuta kitu, hali ni shwari, pandeni. Asubuhi hawakukuta kitu. Na aliyewaongoza wageni kule juu alikuwa Ang Chhiring, mumewe.

Akabonyeza kutuma. Onyo likachomoza. Akabonyeza tena, likachomoza tena. Kathmandu nzima ilikuwa kwenye mgomo, vibanda vya intaneti vimefungwa. Akampigia simu Tuladhar, fundi wao, rafiki wa mumewe tangu utotoni.

“Shemeji! Umenikumbuka leo, au mashine imenuna?”

“Tuladhar, sina utani. Barua hazitoki. Upepo unakuja na Ang Chhiring yuko juu hajui.”

Kicheko kikakatika. “Zinaingia?”

“Zinaingia. Kutoka ndiyo hazitoki.”

“Andika nenosiri upya.”

Aliandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. Wapi! Akaambiwa azime kinga ya virusi. Akazima. Wapi! Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia tisa.

“Nisomee hilo onyo, neno kwa neno.”

“Linasema cheti cha usalama cha seva kimekwisha muda.”

“Kimekwishaje? Juzi tu nimekiona kizima.” Kisha Tuladhar akauliza, “Umeme ulikatika?”

“Usiku. Saa ya kompyuta ikapotea, asubuhi nikairekebisha mwenyewe.”

“Ukaandika tarehe gani?”

Nimdiki aligeukia kalenda ukutani. “Ya leo. Tarehe tatu Jestha, mwezi wa pili, mwaka 2063.”

“Mama yangu wee! Shemeji, hiyo ni kalenda ya kwetu! Kompyuta inahesabu miaka ya Wazungu, na kwao ni 2006. Umeipeleka mbele zaidi ya miaka hamsini, inaona kila cheti kimeoza, ndiyo maana inakataa kutuma. Weka ya Wazungu, haraka!”

Akaiweka. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa taratibu, mpaka akatamani kuusukuma kwa mkono. Sanduku likabaki tupu. Ilikuwa saa tisa na dakika chache.

“Imetoka!” alipiga kelele. “Tuladhar, imetoka!”

“Usikate simu,” Tuladhar alisema. “Tusubiri wajibu.”

Wakasubiri. Nimdiki aliogopa hata kupepesa macho, asije akapitwa na jibu. Alijilaani, akailaani kalenda, akakilaani kile kikombe cha chai.

Jibu likaingia, kutoka kwa mpishi wa kambi.

“Limekuja?” Tuladhar aliuliza. “Shemeji, soma basi!”

Alisoma kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. “Tumepata barua. Wageni wote wanashuka. Ang Chhiring aliondoka peke yake tangu asubuhi kutangulia kufunga kamba za kupandia, kwa kuwa hapakuwa na barua. Tunamwita kwa redio, hajibu.”

Tuladhar alisema kitu, lakini Nimdiki alikuwa ameshaweka simu mezani. Akaandika maneno mawili: Mwiteni tena.

Akabonyeza kutuma. Safari hii ilitoka papo hapo.