Miguu Imekwenda kwa Mama

Jumanne moja saa nane mchana, mwalimu alikuwa akimfundisha daktari wa meno wa nchi ya mbali jinsi ya kusema mambo yaliyopita, miguu yake ilipoinuka ikatoka nje. Juu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na tai. Chini, kwa kuwa kamera haikufika huko, alivaa kaptura ya kulalia. Miguu iliachana na kiuno taratibu, kama droo inavyotoka kwenye kabati, na mwalimu akabaki ameketi juu ya mto wa kiti, mzima. Palipoachana palikuwa pakavu. Alimaliza kitenzi cha kuondoka katika nafsi zote sita, akatoa kazi ya kufanya nyumbani, kisha akamwita mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa chumba cha pili. Alikwisha kuiona miguu. Aliikuta uani ikielekea getini na kaptura yake, akairudisha ndani, akaivisha suruali na viatu, ndipo akaiacha iende. Alisema hakutaka watu wapate la kusema. Akamnyanyua mumewe, akaunyoosha mto, akamuuliza kama atakula hapohapo.

Kwa miaka kumi na minne mwalimu alifundisha darasani, akizunguka kati ya madawati tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Shule ilipopunguza walimu, naye alipunguzwa. Kufundisha lugha mtandaoni alikuanza kwa saa mbili za jioni, kujishikiza tu mpaka apate kazi. Haikupatikana kazi, na saa mbili zikawa kumi na moja, Jumatatu hadi Jumapili, kwa wanafunzi wa kila upande wa dunia. Somo likiisha, mwanafunzi alimpa nyota. Mwalimu aliyeahirisha somo hata moja alishuka kwenye orodha, na aliye chini ya orodha hakuna amwonaye. Mwisho wa mtaa wao hakuwa ameufikia tangu mwaka uanze.

"Imechoka kukaa," mkewe alisema kuhusu miguu.

Basi miguu ikazoea kutoka. Ilikwenda kwa fundi viatu wa kona, ambaye aliwaambia majirani kwamba hajapata mteja mwema kama huyo, hana haraka na habishani bei. Ilikwenda kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yao, ikakaa mstari wa mbele, na mwalimu mkuu akaandika kwamba mzazi amehudhuria. Mtaani waliibandika jina la Kiguu na Njia. Jioni ilirudi ikajipachika mahali pake, na mwalimu alilala na uchovu wa safari asizozijua.

Mwezi wa tatu wa mambo hayo, dada yake mkubwa alipiga simu. Ndiye aliyekaa na mama yao nyumbani walikozaliwa, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alisema mama hajiwezi, hata maji anayarudisha, na kila mlango ukilia anageuza uso.

"Anakuulizia wewe," dada alisema. "Sisi wengine ametuzoea."

Mwalimu akampigia msimamizi wa kampuni, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kuonana naye. Aliomba siku tatu bila kuporomoka kwenye orodha. Msimamizi alimweleza kwa subira kwamba yeye hakuajiriwa, na asiyeajiriwa hana likizo ya kuomba.

"Wewe ni mtu huru, mwalimu. Pumzika siku yoyote unayotaka."

Mwalimu akauliza kuhusu orodha. Akajibiwa kwamba orodha inajipanga yenyewe, hakuna mkono wa mtu pale. Akaona amtajie suala la miguu. Msimamizi alisema jambo hilo linajulikana: miguu ya mwalimu wa Kifaransa ilifungua duka la mayai, na mwenyewe hajakosa somo mwaka wa pili sasa. Hata fomu ya walimu wapya ilikuwa imeongezwa swali, kama miguu ya mwombaji imeshaanza kutoka. Wanaojibu ndiyo, alisema, hupewa nafasi ya juu.

Alipoweka simu chini, zilibaki dakika nne kabla ya somo. Akaiambia miguu iende kwa mama.

Mkewe aliifungia mfuko mdogo kwenye mkanda wa suruali, akaisindikiza mpaka kituoni. Kondakta alitoza nauli ya mtu mzima. Alisema kinachojaza basi ni miguu, vichwa havijawahi kumsumbua.

Macho ya mama yalikuwa yamefifia. Miguu iliposogea kitandani, alinyoosha mkono, akapapasa goti la kushoto, akalikuta kovu la baiskeli.

"Amekuja," alisema.

Dada akamwambia ukweli, kwamba ni miguu tu.

"Miguu ndiyo inayokuja," mama alijibu. "Umewahi kuona mtu akija bila miguu?"

Akalalamika kwamba nyayo zimepasuka na hakuna anayeziangalia. Akaomba mafuta, akazipaka mwenyewe, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akaanza kuzungumza. Alizungumza na miguu siku mbili, akipumzika na kuendelea. Dada alitoka akafunga mlango, maana yalikuwa maneno ya mzazi na mwanawe.

Alhamisi adhuhuri mama alifariki. Simu iliita mwalimu akiwa katikati ya somo. Aliona ni dada, akaigeuza kifudifudi, akaendelea kufundisha majina ya rangi kwa dakika kumi na mbili zilizobaki.

Ijumaa, siku ya mazishi, miguu ilisimama pamoja na watoto wa marehemu. Watu walipita kutoa pole. Walipofika hapo walitafuta mkono wa kushika, hawakuuona, wakainama wakagusa goti, wakaendelea kwa anayefuata.

Ijumaa hiyohiyo, baada ya kuipakia miguu kwenye basi la usiku, dada alipiga tena.

"Miguu yako ilikuja," alisema. "Sitawaambia watu kwamba hukuja."

Mwalimu akauliza mama alisema nini.

"Aliiambia miguu. Iulize."

Ilifika Jumamosi asubuhi, na udongo mwekundu kwenye soli. Haikujipachika. Ilisimama mbele ya meza ikingoja, na mwalimu akaiuliza.

Miguu haina mdomo, lakini ilijitahidi. Ilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, ikatulia kwa muda. Ikarudi dirishani. Kisha ikaja katikati ya chumba, ikapiga magoti, ikakaa hivyo. Mkewe aliacha cherehani akaja kusimama mlangoni.

"Hapo mama alikuwa anakuombea," alisema. Akaitazama zaidi. "Au anakuomba."

Mwalimu akaiambia irudie. Ikarudia vilevile, dirisha, mlango, magoti. Ikarudia mara ya tatu, na safari hii ikakawia zaidi pale mlangoni, ncha ya kiatu ikigonga sakafu kama mtu anayehesabu, au anayebembeleza mtoto. Mwalimu aliinama mbele ili aone vizuri. Ndipo kompyuta ikaita. Ilikuwa saa nne, na mwanafunzi wa saa nne, mtunza maktaba mstaafu, hakuwahi kuchelewa.

Mwalimu akanyoosha tai.

"Habari za nyumbani, mwalimu?" mwanafunzi alisema. Alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima.

"Nzuri," mwalimu akajibu, kama inavyojibiwa. "Nzuri, ila mama amefariki."

Mwanafunzi aliiandika sentensi yote kwenye daftari. Aliisoma kimoyomoyo, akauliza kama mtu angeweza kusema "lakini" mahali pa "ila."

Mwalimu alisema angeweza. Kisha akamweleza tofauti iliyopo, kwa mifano mitatu, na miguu ikaja chini ya meza ikapiga magoti, ikabaki hivyo mpaka saa ikaisha.